Nafikiria kuacha wodi niende hospisi: wanaoijua kazi hii, nipeni mambo yalivyo

Sista_Kondele

Hamjambo wote. Nina diploma ya uuguzi (KRCHN), niko wodi ya upasuaji, ajira ya kudumu ya kaunti. Kuna nafasi ya nesi wa hospisi, yaani huduma ya tulizo kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hapa Kisumu na nyingine Nakuru. Nataka kujua mambo matatu. Kazi yenyewe ni nini siku hadi siku? Mofini, ile dawa kali ya maumivu, inadai ujuzi gani ambao wodini haufundishwi? Na nikiachilia ajira ya kaunti, nitajuta? Tafadhali msinieleze habari za wito, hizo nimeshaambiwa kanisani.

Gozi_na_Spiriti

Karibu sista. Wengi wanaotaka kuhamia hospisi huwa wamechoka na wodi, na hapo ndipo hesabu inapoenda kombo. Uchovu wa wodi ni wa idadi: wagonjwa arobaini, manesi wawili, dripu zinakauka zote kwa pamoja. Hospisi hakuna hiyo. Kuna mtu mmoja mbele yako kwa saa nzima, na kila kitu chake kimeharibika kwa wakati mmoja. Maumivu, choo kigumu, kidonda kinachonuka, karo ya mtoto, na shemeji anayesema dawa zimerogwa. Ukitoka hapo unaenda kwa mwingine.

Wiki yenyewe huwa hivi. Siku moja au mbili za kliniki, ambapo wagonjwa wanakuja kupimwa maumivu na kujaziwa dawa. Siku moja ya kukutana pamoja, wanakula, wanaongea, wanaoshwa vidonda. Siku zinazobaki ni ziara za nyumbani. Nyalenda na Manyatta unaweza kufika nyumba tano au sita kwa siku. Ukienda Seme au Nyakach, tatu ni nyingi, na mvua ikinyesha Kano hata moja ni bahati. Halafu simu. Hizo hazihesabiwi popote lakini ni nusu ya kazi: "Daktari, amekataa uji tangu jana, tufanye nini?"

Sehemu kubwa ya kazi ni kupima na kuuliza. Mahali panauma wapi, panaungua au panachoma au panabana, panasambaa hadi wapi, usiku ni kiasi gani, nini kinapunguza. Mgonjwa asiyejua namba za sifuri hadi kumi unampa mkono wako: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Unaandika. Kesho unauliza tena, unalinganisha. Kama kuandika kunakuchosha, hii kazi itakuchosha.

Omera_Nyando

Sista, hapo kwa barabara wamekuficha kitu. Uliza gari ni la nani na mafuta yanatoka wapi. Kuna mahali nesi anatumwa na boda na mfuko wa dawa mgongoni, na nauli anarudishiwa mwisho wa mwezi, akirudishiwa.

Mfamasia_Lanet

Nijibu la mofini, kwa sababu ndilo linalotofautisha nesi wa hospisi na nesi mwenye huruma tu.

Dawa ya kunywa hutengenezwa kutokana na poda kwenye duka la dawa la hospitali. Mara nyingi utaletewa ya nguvu ndogo, yaani miligramu 5 kwa kila mililita 5, lakini kuna na kali yenye miligramu 50 kwa mililita 5 hizo hizo. Kosa linaloua ni chupa hizi mbili kuchanganywa, kwa kuwa kiasi kinachomiminwa ni kilekile. Ndiyo maana unasoma lebo kwa sauti, mara mbili, na unaandika kwenye kadi ya mgonjwa miligramu NA mililita. Kuandika "kijiko kimoja" ni marufuku. Vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano na umfundishe binti yake kuvuta hadi kwenye mstari, mbele yako, mara tatu.

Mgonjwa mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za aina hii huanzishiwa miligramu 5 kila saa nne. Mzee, au aliyekonda sana, miligramu 2.5. Ratiba ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi inarudiwa mara mbili ili asiamshwe saa nane za usiku. Kwa hiyo 5, 5, 5, 5, na 10: jumla ni miligramu 30 kwa siku. Maumivu yakitokea katikati, anapewa dozi ya ziada ya 5, na dozi ya ratiba haikatizwi.

Sasa hesabu ya chupa. Miligramu 30 za dawa ndogo ni mililita 30 kwa siku, wiki mbili ni 420. Ukimpa chupa ya mililita 500, zinabaki 80, yaani dozi 16 za ziada. Akirudi kabla ya wiki mbili chupa ikiwa tupu, usianze kumshuku. Hesabu kwanza alitumia dozi ngapi za ziada. Kama ni nne kila siku, amekuwa akitumia 50 badala ya 30, maana yake dozi ya ratiba ni ndogo. Daktari ataipandisha kwa theluthi au nusu, tuseme 7.5, kisha mnaangalia tena baada ya siku moja au mbili. Mofini ya maumivu ya kansa haina kikomo kilichochorwa ukutani. Kikomo ni madhara.

Nesi_wa_Molo

Naongeza hapo kwa Mfamasia: hakuna mofini bila dawa ya choo. Kichefuchefu huisha baada ya siku chache, usingizi pia, lakini choo kigumu hakizoeleki hata kidogo. Bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, tangu siku ya kwanza. Usisubiri alalamike. Mgonjwa aliyekaa siku sita bila choo huacha mofini mwenyewe halafu familia inasema dawa ilimdhuru.

Na huku kwetu kuna kansa nyingi za koo la chakula, kwa hiyo jifunze hili mapema: tembe za bisakodili zina ganda, hazisagwi wala hazinywewi na maziwa. Asiyemeza anahitaji dawa ya maji kama laktulosi, au ya kuweka nyuma. Vivyo hivyo tembe za mofini zinazofanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili. Ukizisaga, unampa dozi ya nusu siku kwa mkupuo mmoja.

Sista_Kondele

Asanteni. Hofu yangu kubwa ni kumsimamishia mtu pumzi.

Mfamasia_Lanet

Hofu hiyo wodini ni ya haki, kwa sababu huko mofini inapigwa kwenye mshipa. Ya kunywa, ikianzwa chini na kupandishwa kwa hatua, hukupa dalili kabla ya hatari. Mgonjwa anasinzia kupita kiasi, mboni zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, mikono inarukaruka, anaona watu wasiokuwepo. Pumzi ndiyo ya mwisho. Ikishuka chini ya nane kwa dakika na haamki, hapo ndipo pa kukimbilia naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, tena iliyochanganywa na maji na kutolewa kidogo kidogo. Ukiisukuma yote mara moja unamrudishia maumivu yote mara moja.

Angalia figo. Mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi, uvimbe unaweza kubana mirija ya mkojo. Ametumia 10 kila saa nne kwa miezi miwili bila tatizo, sasa mkojo umepungua, miguu imevimba, anarukaruka usingizini. Dozi haijabadilika, figo ndizo zimebadilika, dawa inajikusanya. Hapo daktari anapunguza au anarefusha muda hadi saa sita au nane. Nesi asiyeuliza habari za mkojo hataona chochote mpaka usiku wa pili.

Omera_Nyando

Na nani anaandika hiyo mofini? Hilo ndilo swali la kuuliza kwenye usaili. Uganda, manesi na maafisa wa kliniki waliosomea huduma hii wanaruhusiwa kuandika tangu 2004. Hapa Kenya tuko chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994 na utategemea sahihi ya daktari. Daktari akiwa kwenye semina Naivasha, wewe ndiye uliyekaa kwenye mkeka na mgonjwa anayelia.

Gozi_na_Spiriti

Kweli kabisa. Uliza pia mwaka uliopita walikaa siku ngapi bila mofini. Mahali panapoendeshwa vizuri watakujibu kwa namba, kwa sababu rejista ya dawa hizo ina salio la kila siku na sahihi mbili. Wakianza kuzungukazunguka, umepata jibu lako. Na uulize chupa inayobaki mgonjwa akifariki inarudi vipi. Isiporudishwa na kuandikwa, siku moja itatafutwa kwako.

Hesabu_za_Kaunti

Mnamwambia mengi ya dawa, hamjamwambia ya mfuko. Sista, usiandike barua ya kujiuzulu.

Hospisi nyingi zetu ni mashirika ya hisani. Nairobi Hospice ilianza 1990, na baadaye Nakuru, Kisumu, Eldoret zikapata zao. Mishahara hutegemea wafadhili, harambee, na ada ndogo za wagonjwa wachache wanaoweza kulipa. Mkataba wa mwaka mmoja au miwili si ajabu. Ukitoka kaunti unapoteza pensheni inayoendelea kukua, posho ya uuguzi, posho ya hatari, ya sare, na nafasi yako kwenye foleni ya kupandishwa daraja. Kurudi si rahisi, kila mtu anajua nafasi moja ya kaunti inaombwa na watu wangapi.

Lakini kuna mlango wa katikati ambao watu hawauulizi. Baadhi ya manesi walioko hospisini bado wako kwenye mshahara wa serikali, wameazimwa tu. Na tangu 2010 hivi, vitengo vya huduma ya tulizo vimefunguliwa ndani ya hospitali kubwa za umma zenyewe. Kwa hiyo barua ya kwanza iende kwa mkuu wa manesi: kuomba kuhamishiwa kitengo hicho, au kuazimwa. Omba muda uandikwe, daraja lako libaki, na ieleweke nani anakupa likizo. Kuazimwa kwa mdomo ni mtego. Mkuu akibadilika unaitwa wodini kesho yake.

Jambo la lokamu pia, yaani vibarua vya zamu hospitali nyingine. Hospisi ni saa mbili hadi saa kumi na moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Kama bajeti yako inashikiliwa na lokamu za mchana katikati ya wiki, zimekufa. Zitabaki za usiku na wikendi, na mwili una mipaka.

Nesi_wa_Molo

@Hesabu_za_Kaunti uko sawa, ila umemtisha kidogo. Zamu za usiku kuisha ni kitu chenye thamani pia, hasa kwa mwenye watoto wadogo. Ila simu ya usiku iulizwe: inakaa kwa nani, kwa zamu gani, na dakika za maongezi zinalipwa na nani.

Sista_Kondele

Na masomo? Lazima nisome kwanza?

Nesi_wa_Molo

Hapana. Leseni yako ya Baraza la Wauguzi inatosha kuanza. Kozi fupi ya siku tano itakupa msingi wa maumivu na mazungumzo, na pointi za mafunzo endelevu juu yake. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana diploma ya juu ya huduma hii, na Kampala kuna chuo cha Hospice Africa Uganda, lile shirika lililoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993. Ila usilipe karo ya mwaka mzima kabla hujajua kama unaipenda kazi. Na ukiwa kaunti, likizo ya masomo huja na dhamana ya kutumikia baadaye, isome kabla ya kutia sahihi.

Tiketi_ya_London

Hivi hospisi inasaidia kwenda Uingereza?

Hesabu_za_Kaunti

Haikuzuii, lakini si njia ya mkato. Wanaoajiri huko hutafuta kwanza wenye wodi za dharura, upasuaji, wagonjwa mahututi. Kama mpango wako ni kuondoka ndani ya miaka miwili, baki wodini. Turudi kwa sista.

Gozi_na_Spiriti

Hamjasema habari za vidonda, na nyinyi ndio mnajiita wajuzi.

Kansa ya matiti iliyopasuka ngozi. Harufu inafika mlangoni kabla yako, na mgonjwa amehamishiwa chumba cha nyuma kwa sababu yake. Kidonda hicho hakifungi, na hapo ndipo nesi wa upasuaji hukwama, kwa sababu amefundishwa kukifunga. Hapa lengo ni kisinuke, kisivuje, kisiume. Chemsha maji, weka kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa nusu lita, acha yapoe. Mpe dozi yake ya mofini nusu saa kabla. Gozi iliyogandia usiivute, ilowanishe mpaka iachie yenyewe, la sivyo damu itatoka na hutaizima. Mwagilia, usisugue. Kisha saga tembe za metronidazoli, dawa ya kuua bakteria wanaoleta harufu, ziwe unga laini, nyunyizia juu ya kidonda, funika na kitambaa safi cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kila siku. Kwa kawaida siku chache zinatosha kubadili hewa ya chumba, na mjukuu anaanza kukaa kitandani tena. Spiriti, peroksaidi na sukari ya dukani visiguse hapo.

Kidonda kilicho karibu na mshipa mkubwa shingoni au kinenani, iambie familia mapema, na waweke taulo jeusi au jekundu iliyokoza karibu na kitanda. Damu kwenye shuka jeupe inaonekana mara kumi ya ilivyo.

Omera_Nyando

Na familia. Utafika bomani, mtoto wa kwanza anakusubiri kwenye lango: "Daktari, usimwambie mzee ana kansa, atakufa na mawazo." Usikubali wala usibishane hapo langoni. Mwambie hutasema kitu ambacho mzee hakuuliza, lakini akiuliza hutamdanganya. Ndani, unaanza na mzee: "Jaduong', wewe mwenyewe unauelewaje huu ugonjwa?" Halafu nyamaza. Mara nyingi atakwambia yote, hata jina lake, na ni yeye aliyekuwa akiwaficha watoto. Manesi wa wodi hushindwa hapo kwenye kunyamaza, wanakimbilia kupima presha.

Lugha pia ipime. Kisumu bila Dholuo utafanya kazi kupitia mkalimani, na mkalimani ni huyo huyo mtoto wa langoni. Nakuru kuna mchanganyiko, Kiswahili kitakufikisha mbali, ila vijijini bibi wa Kikuyu au Kikalenjini atakwambia linalomuuma kwa lugha yake.

Nesi_wa_Molo

Kuna vitu viwili ambavyo havisubiri ziara ya wiki ijayo. Maumivu ya mgongo na miguu kuanza kulegea, au mkojo kukataa kutoka: hiyo ni uti wa mgongo unabanwa, ni siku hiyo hiyo, dexamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) miligramu 16 kwa agizo la daktari na rufaa ya mionzi. Ukichelewa siku mbili hatatembea tena. La pili ni dawa kukatika ghafla, kwa mfano mgonjwa aliyesafirishwa kutoka Nairobi kuletwa nyumbani Siaya na barua ya kuruhusiwa tu, chupa imebaki Nairobi.

Na siku za mwisho. Koo likianza kukoroma, mlaze ubavu, hyosini butilbromidi (dawa ya kupunguza ute kooni) apewe ikiwepo, na uwaambie waliomzunguka kwamba sauti hiyo inawaumiza wao kuliko yeye. Wasimlazimishe uji. Mdomo ulowanishwe na pamba yenye maji. Waambie mapema kwamba akifia nyumbani wanaenda kwa naibu wa chifu kupata kibali cha mazishi. Familia zinazokosa kuambiwa hivyo hukodi gari saa tisa usiku kukimbiza maiti hospitalini.

Sista_Kondele

Nimesoma yote mara mbili. Kusema ukweli mazungumzo na vidonda havinitishi. Kinachonitia wasiwasi ni kukaa na hakuna anayepona.

Gozi_na_Spiriti

Huo ndio wasiwasi wa kweli, na hakuna usaili unaoupima. Jiulize wodini ni nini hukupa raha. Kama ni siku ya kutoa nyuzi na mtu kwenda nyumbani, hospisi itakunyima hiyo kabisa. Kama ni mgonjwa aliyelala usiku mzima kwa sababu ulihesabu dozi sawasawa, utaipata kila wiki. Na kama umefiwa na mtu wa karibu juzi juzi, subiri mwaka.

Mahali penye akili huwa na kikao cha wafanyakazi wenyewe, angalau kila wiki mbili, cha kuzungumzia waliofariki. Uliza kama kipo na nani alikiongoza mara ya mwisho. "Tunaombeana" ni jambo jema, lakini haijibu swali.

Hesabu_za_Kaunti

Una likizo ya mwaka?

Sista_Kondele

Siku ishirini na mbili zimebaki.

Hesabu_za_Kaunti

Chukua kumi. Andikia hospisi barua ya kuomba kufuatana nao kama mwangalizi, uambatishe nakala ya leseni. Omba hasa siku ya kujaza mofini, ziara zisizopungua nne nje ya mji, na ziara moja ya familia iliyokwisha fiwa. Hiyo ya mwisho wengi hawaiombi.

Omera_Nyando

Na buti za mvua, sista. Kama ni msimu wa masika, gari linaachwa barabarani Ahero, mengine ni kwa miguu.

Sista_Kondele

Nina buti. Barua naipeleka Jumatatu, ya kuazimwa nayo naiandika kando nisubiri kwanza. Mfamasia, swali moja la mwisho: hiyo sirinji wanaiosha vipi?

Mfamasia_Lanet

Maji ya moto na sabuni, wanavuta na kusukuma mara tano, inakaushwa ikiwa imetenganishwa. Mistari ikianza kufutika, wape mpya. Wasikisie.